Tunda la kutia kwenye bia ya ngano: pasheni kwanza, ndizi mwisho

Wageni wakionja bia ya ngano ninayopika nyumbani hapa Mbeya, huniuliza nimetia tunda gani, hata ile ambayo sijatia chochote. Hamira ya Kijerumani ya bia ya ngano hutoa yenyewe harufu ya ndizi mbivu na karafuu. Ukienda sokoni, kumbuka kwamba tunda unalonunua linakwenda kukutana na harufu hizo.

La pili ndilo wengi wanalolisahau: hamira hula sukari. Tia tunda tamu kwenye ndoo, na baada ya siku chache utamu wake umegeuka kilevi na gesi. Kinachobaki ni uchachu na harufu. Kwa hiyo anayenunua kwa ajili ya bia hachagui kama anayenunua kwa kula. Vipimo vyote ninavyotaja ni vya ndoo ya lita 20.

Namba moja: pasheni

Ile ndogo ya zambarau haina mpinzani. Ina uchachu wa kutosha kubaki baada ya hamira kula sukari yote, na harufu yake haizimwi na ile ya ndizi, vinapatana. Kingine, haihitajiki nyingi.

Siku moja sokoni Mwanjelwa nilikuwa nachambua fungu, naweka pembeni zenye ganda laini linalong'aa. Mama muuzaji akanishika mkono. "Mwanangu, unaacha chakula unachukua sura. Hizo za makunyanzi ndizo zimeiva." Akakata moja ya kila aina kwa kisu chake. Yenye kung'aa ilikuwa na maji ya njano mpauko, yenye makunyanzi ilikuwa na rojo la rangi ya chungwa lililojaa hadi ukingoni, na harufu yake niliisikia nikiwa nimesimama. Tangu siku hiyo napima kwa kiganja: ganda limenyauka kidogo lakini tunda bado zito, nachukua. Ikiwa jepesi kama yai tupu, imekauka ndani, iache hata ukipunguziwa bei.

Zaidi ya nusu ya uzito wa pasheni ni ganda, kwa hiyo kilo tatu hivi ndizo zitakupa kilo moja au zaidi kidogo ya rojo, na hiyo inatosha ndoo nzima. Ukinunua kwa sado, uliza kama imejazwa hadi juu au imetandikwa majani chini. Mbegu si tatizo, zitazama pamoja na hamira.

Namba mbili: ganda la chungwa

Hapa unanunua ganda tu, nyama unakula. Wabelgiji ndio mabingwa wa njia hii: bia yao nyeupe ya ngano hutiwa ganda la chungwa na mbegu za giligilani. Ilikuwa imekufa kabisa hadi Pierre Celis alipoanza kuipika upya kijijini Hoegaarden mwaka 1966. Nunua machungwa ambayo ganda lake ukilikwaruza kwa ukucha linatoa mafuta yenye harufu. Rangi ya kijani isikuzuie. Kwangua ile rangi ya juu peke yake, gramu 25 hivi, kwa sababu utando mweupe wa chini ni mchungu na uchungu wake haupungui. Tia dakika tano kabla ya kuepua sufuria, pamoja na kijiko kikubwa cha giligilani iliyopondwa. Ndiyo njia rahisi kuliko zote, na kwa anayeanza ningemshauri aanze hapa.

Namba tatu: mapichisi

Wengine huyaita mafyulisi. Yanatoka wakati wa mvua, na yale madogo ya kienyeji yenye manyoya ni bora kuliko makubwa ya kupendeza kwa sababu yana uchachu. Shida ni kwamba harufu yake ni ya upole, hivyo utahitaji kilo nne za nyama, bila kokwa. Yakianza kulainika yanunue yote na uyagandishe kwenye friji. Barafu hupasua nyama ya tunda, na likiyeyuka linatoa juisi kwa urahisi.

Namba nne: embe

Embe lina harufu kubwa lakini uchachu kidogo, na limejaa sukari. Chagua lililoiva kiasi, bado gumu karibu na kikonyo, si lile linalodondosha asali.

Nililitia Januari moja, kilo nne. Kulikuwa na mvua na baridi, ndoo ilikaa sakafuni, siku ya sita mapovu yakatulia nami nikajaza chupa. Nikapeleka chupa nane kwa shangazi Kyela. Usiku wa pili tatu zikapasuka stoo, vioo vikaruka hadi kwenye magunia ya mpunga. Hamira haikuwa imemaliza sukari ya embe; ilikuwa imelala kwa baridi ya Mbeya, na joto la Kyela likaiamsha ndani ya chupa iliyofungwa. Nilishukuru Mungu hakukuwa na mtoto mle ndani. Sasa kwa tunda lolote napima kwa haidromita, kipimo kinachoelea kuonyesha sukari iliyobaki, na sijazi chupa mpaka namba iwe ileile siku tatu mfululizo.

Nanasi na stroberi

Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachokata protini, na protini ndiyo inayoshikilia povu zito la bia ya ngano. Lipashe hadi nyuzi 70 hadi 80 kwa robo saa, kisha lipoe kabla ya kulitia. Usichemshe, si nanasi wala tunda jingine: kuchemsha kunafukuza harufu na kuacha ladha ya jamu. Na usiongozwe na macho, tumia kipimajoto, kwa kuwa kwenye mwinuko wetu wa mita 1,700 hivi maji hutokota kwenye nyuzi 94 hivi. Stroberi ni nzuri ikiwa mpya, ila rangi na harufu hupotea haraka. Usiinunue kama bia itakaa zaidi ya mwezi.

Yale ya kuacha

Maepo ya Makete na Njombe nayapenda sana, lakini nayala. Ndani ya bia hupotea kabisa. Parachichi hata usijaribu, mafuta yake huua povu.

Ndizi najua itawauma watu wa Tukuyu. Ukipita Kiwira ukaona mikungu imepangwa barabarani, mkono unawasha. Lakini harufu ya ndizi tayari umeipata kutoka kwenye hamira, bure, na ndizi yenyewe itakuachia uji mzito chini ya ndoo utakaokula lita mbili au tatu za bia yako. Ukitaka harufu hiyo izidi, acha ndoo ichachuke kwenye chumba chenye nyuzi 21 au 22 badala ya 17. Fedha ya mkungu ongezea pasheni.