A Quiet Place: kimya kinachoaminika, mahindi yasiyoaminika

Filamu ya kutisha ninaipima kwa swali moja: je, inaitii sheria iliyojiwekea yenyewe? Siulizi kama mazimwi yapo, kwani nikishalipa kiingilio nimekubali kwamba yapo. A Quiet Place, iliyoongozwa na John Krasinski na kutoka mwaka 2018, ina sheria iliyo wazi: viumbe wasioona, wenye masikio makali kupita kiasi, wanamrukia yeyote anayetoa sauti. Mara ya kwanza niliitazama katika banda la video hapa Dodoma, ikiwa imetafsiriwa, nikatoka sijaona inasifiwa kwa lipi. Nilipoirudia nyumbani usiku, bila tafsiri, ndipo nilipotambua kwamba hofu yake yote imebebwa na kimya, na sauti ya mfasiri ilikuwa imekifukia.

Mwanzo wake ni wa kuaminika sana. Familia inatembea peku juu ya njia zilizomwagwa mchanga, na mbao za sakafu zisizolia zimetiwa alama za rangi. Binti yao ni kiziwi, kama alivyo kiziwi Millicent Simmonds anayemwigiza, kwa hiyo lugha ya alama tayari ilikuwa ya nyumba hiyo, nayo ni sababu tosha ya wao kubaki hai.

Wengi wanaudhihaki ujauzito wa mama, wakisema hakuna mwenye akili atakayezaa katika hatari hiyo. Sikubaliani nao hata kidogo. Ugogo ilipita katika njaa ya Mtunya, kati ya 1917 na 1920, iliyoua watu wengi mno, na bado watoto walizaliwa. Sisi wenyewe tumetokana na waliozaa katika miaka kama hiyo.

Kinachonishinda kuamini ni shamba. Siku ya 472 ya maafa tunaonyeshwa mahindi yaliyosimama mistari kwa mistari, maana yake yamepandwa baada ya maafa kuanza. Yamepandwa na nani, na kwa chombo gani kisicholia? Mtu aliyelima Kongwa au Mpwapwa anakijua kishindo cha jembe kwenye udongo mkavu, anajua jinsi majani ya mahindi yaliyokauka yanavyopiga kelele ukipita katikati yake, na akiona watoto wanakimbia humo peku anawaza mbigili kabla ya kuwaza zimwi.

Lakini pengo kubwa ni la maporomoko ya maji. Baba anampeleka mwanawe huko na kumfundisha kwamba kelele kubwa huficha ndogo, wakapiga ukelele bila kudhurika. Ikiwa analijua hilo, kwa nini hakumhamishia mkewe huko akajifungulie, badala ya kumwacha kwenye nyumba ya mbao? Hata sentensi moja ya kueleza kwamba mahali hapo hapakaliki ingetosha, nasi tungeipokea.

Pamoja na hayo ninaipendekeza kwa moyo wote, ila atakayeitazama atafute isiyotafsiriwa, na azime feni.