Mashine ya kusugulia diski: imenisaidia, ila nusu ya kazi nimeimalizia mwenyewe

Laptopu yangu ya zamani ilikufa hadi diski kuu ya ndani (hard disk), nikafunga mpya, sasa ili iwake kama zamani ilibidi nitumie zile DVD za kurudishia mfumo wake zilizokuja nayo, ziko tatu. Ya kwanza ikapita vizuri. Ya pili ikafika 43% ikaganda, draivu (kile kisomeo cha DVD) inanguruma, inapoa, inajaribu tena, inanguruma, mwisho ikaniletea 0x80070017, yaani data haisomeki. Nikaitoa DVD nikaigeuzageuza kwenye taa, lo, mkwaruzo umejikunja kama mwezi mchanga, ukipitisha ukucha unanasa kabisa. Diski imekaa miaka kwenye droo bila kava, sina wa kumlaumu.

Na huo ndo mkwaruzo mbaya kuliko yote, watu wengi hawajui. Ule wa kutoka katikati kwenda ukingoni leza, yaani mwanga unaosoma diski, inauruka haraka, kinachokosekana draivu inakikokotoa yenyewe, lakini huu unaozunguka unafuata njia ileile leza inayopita, kwa hiyo inakosa data ndefu mfululizo na hapo hakuna cha kukokotoa. Ndo maana hata kufuta vumbi unafuta kutoka katikati kwenda nje, usizungushe kitambaa kama unafuta sahani!

Nilianza na dawa ya meno, si mnajua tena. Ile nyeupe ya kawaida, si ya jeli. Nikasugua, nikaosha, nikakausha, ikafika 51%. Angalau imesogea, nikaona plastiki inasikia dawa, ndo nikaagiza hii mashine.

Ni ya kuzungusha kwa mkono, unapulizia dawa yake kwenye diski, unafunga, unazungusha mpini, gurudumu linasugua huku diski inajizungukia taratibu. Raundi ya kwanza nilipoitoa nilitaka kulia, diski nzima imejaa vistari vyembamba kama miale ya jua, nikajua nshaiua. Kumbe ndivyo inavyofanya kazi, inapunguza ule mkwaruzo wa kuzunguka na kuacha vistari vya kwenda nje ambavyo leza haina shida navyo. Sasa kitu kama hicho si wangekiandika kwenye karatasi ya maelezo jamani? Wameandika "usitumie karibu na watoto" mara mbili, hilo hawajasema.

Lingine, usibane dawa. Raundi ya pili niliweka kidogo nikijifanya mjanja, diski ikatoka na ukungu, nikarudia na dawa ya kutosha ukungu ukatoka. Mpini mgumu, bega linauma, na gurudumu limeanza kuchakaa na sijasugua hata diski tano.

Baada ya raundi nne ikafika 88%. Ikagoma tena. Hapo nikaacha kusugua, kwa sababu kila ukisugua unapunguza plastiki, na kwenye DVD kati ya leza na data kuna milimita 0.6 tu.

Nikahamia kwenye kompyuta nyingine yenye Linux nikawasha programu ya ddrescue ikopi diski nzima iwe faili moja. Hii ni ya bure na ina akili, inachukua kwanza sehemu zinazosomeka, kisha ndo inarudi kuhangaika na zile mbovu, na inaweka kumbukumbu ya ilipofikia. Nikaiacha usiku. Asubuhi zimebaki sekta 16 (vipande vidogo vya data) hazijasomeka, yaani bloku moja tu ya kilobaiti 32! Nikachomoa draivu ile, nikachomeka nyingine kuukuu ya nje, ikaendelea palepale ilipoishia na ndani ya dakika chache ikazisoma zote. Sijui hiyo kuukuu ina jicho gani, ila draivu hazifanani, kabla hujatupa diski ijaribu kwenye mbili tatu.

Nikachoma DVD mpya kwa spidi ya chini, nikarudi kwenye laptopu, ya pili ikapita 43, ikapita 88, mpaka mwisho.

Kwa hiyo mashine naipa nyota tatu na nusu. Bila yenyewe ddrescue ingekuwa na mashimo mengi mno, lakini peke yake isingenifikisha. Na usiitumie kwa mkwaruzo wa upande wa lebo, hasa kwenye CD, maana data ya CD iko juu kabisa chini ya lebo, ikibanduka imekwenda. Nilijaribu na CD yangu moja ambayo ukiielekeza kwenye balbu unaona mwanga unapenya, yaani data imeshabanduka. Imeng'aa kweli upande wa chini, na haisomi chochote.

DVD ya tatu haikuwa na tatizo lolote, ila nayo nimeikopi kabla sijairudisha drooni, safari hii ikiwa na kava.