Waridi la Naivasha na la Uholanzi

Naivasha, Kenya, panapokuzwa waridi karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, mchana huwa na urefu wa takriban saa 12 mwaka mzima. Kivungulio (nyumba ya kukuzia mimea) cha plastiki kinatosha. Uholanzi mwezi Desemba mchana huwa na urefu wa takriban saa 8 tu, kwa hiyo taa huwashwa na joto huongezwa, na bili yake si mchezo. Kwa gharama ya kukuza, Naivasha inashinda bila ubishi. Ila Mholanzi anaimudu ratiba: joto huharakisha chipukizi kuwa ua, mwanga hunenepesha shina. Joto likizidi mwanga, shina huwa jembamba na ua dogo. Mkulima wa Naivasha kwa kawaida hana swichi. Akilenga Februari 14, Siku ya Wapendanao, hupogoa mwezi Desemba. Usiku wa baridi au mawingu yakizidi, maua huchelewa soko.