Taa ya duara ya inchi 10: inamfaa mwigizaji chipukizi, ila simu isikae katikati

Siku hizi mwigizaji chipukizi anayetafuta nafasi kwenye tamthilia mara nyingi huonekana kwanza kwenye video aliyojirekodi nyumbani, ndipo aitwe usaili. Kwa hiyo seti hii iliyojaa madukani Kariakoo, Dar es Salaam, na mtaa wa Luthuli, Nairobi, yaani taa ya duara, stendi ya miguu mitatu na kishikio cha simu, tunaipima kwa kazi hiyo tu.

Mwanga wenyewe ni mzuri kwa bei yake. Una rangi tatu, na ya katikati ndiyo inayoitendea haki ngozi nyeusi: nyeupe kali huipausha, ya njano huigeuza kuwa ya chungwa. Taa hula USB ya volti 5, ampea 2. Ukiichomeka kwenye chaja ya ampea 1 inafifia au inachezacheza, na wengi huirudisha dukani wakidhani ni mbovu. Pawabenki yenye tundu la ampea 2 inaiwasha vizuri hata umeme ukikatika.

Kosa kubwa ni mahali kishikio kilipowekwa, katikati ya duara. Simu ikikaa hapo uso unakuwa bapa, paji na pua vinang'aa, na kwenye kila mboni inatokea pete nyeupe. Video ya usaili huchukuliwa kuanzia kifuani kwenda juu. Anayechagua waigizaji anatafuta wazo likipita machoni, halafu anakutana na pete. Mwenye miwani ndiyo kabisa! Itoe simu hapo. Ilaze kwa upana, usawa wa macho, mita moja na nusu kutoka ulipo, hata kama ni juu ya rundo la vitabu. Taa isogeze pembeni nyuzi 45, juu kidogo ya kichwa, na upande wa pili simamisha karatasi nyeupe ya manila irudishe mwanga shavuni. Ukuta wa nyuma uwe wa kijivu au buluu iliyopoa. Ukiwa mweupe sana, simu hujirekebisha yenyewe na uso unaingia giza.

Kuna hili pia la mistari. Ukipunguza mwanga hadi chini, mistari myeusi huweza kupita kwenye video, maana nyingi ya taa hizi hupunguza mwanga kwa kuwaka na kuzima haraka haraka. Acha mwanga juu, usogeze taa mbali. Balbu ya dari izime: umeme wetu ni wa hezi 50, na ukirekodi fremu (picha) 30 kwa sekunde balbu duni huonekana ikipepesa. Simu ikiruhusu, chagua fremu 25.

Stendi ndiyo dhaifu kuliko vyote. Skrubu zake ni za plastiki, ukizikaza kupita kiasi hesi inalika na nguzo inashuka polepole ukiwa katikati ya maneno unayoigiza. Tanua miguu mpaka mwisho, kisha funga chupa ya maji ya lita 1.5 chini ya nguzo.

Maiki haimo kwenye seti, na simu iliyo mita moja na nusu hunasa mwangwi wa chumba kuliko sauti yako. Kama pesa inatosha kitu kimoja tu, nunua maiki ya kubana kwenye kola, ukae ukitazama dirisha asubuhi. Taa itafuata.