Masta ya breki kwa Beetle yenye diski mbele: nilichagua ya 19, si ya 20.64

Nimeshaitumia vya kutosha sasa, kwa hiyo nasema wazi: kama Volkswagen Beetle yako umeifunga breki za diski mbele (sahani inayobanwa na pedi) na nyuma umeacha za drumu (viatu vinavyotanuka ndani ya ngoma), chukua masta, yaani silinda inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedeli, ya njia mbili yenye kipenyo cha milimita 19.05. Wauzaji wa vipuri watakusukumia ya 20.64 kwa maelezo kwamba diski zinataka masta kubwa. Maelezo hayo yana ukweli nusu, na nusu iliyobaki utailipia kwa mguu.

Gari langu ni 1300 ya mwaka 1968. Linaishi Tanga na nikipata nafasi nalipandisha Lushoto. Anayeijua barabara ya Mombo kupita Soni haniulizi kwa nini nilitaka diski. Kupanda ni shughuli ya injini, lakini kushuka ni shughuli ya breki, na drumu nne zikishashika moto unakanyaga pedeli gari likikusikia nusunusu. Najua Beetle zilishinda mashindano ya magari ya Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962 zikiwa na drumu hizohizo. Hongera zao. Wale hawakuwa na watoto watatu kiti cha nyuma na gunia la viazi mbele chini ya boneti.

Diski nilizofunga zinatumia kalipa (vibano vinavyobana pedi kwenye diski) za aina ya Karmann Ghia, pistoni mbili za milimita 40 kila upande. Masta ya zamani ilikuwa ya njia moja, yaani paipu moja ikipasuka magurudumu yote manne yanakosa breki. Hiyo peke yake ilitosha kunifanya ninunue mpya hata kama nisingegusa diski.

Sasa tuje kwenye kipenyo, maana hapa ndipo watu wanapopotezwa. Beetle haina busta, kile kifaa kinachousaidia mguu kukandamiza breki. Nguvu yote inatoka kwenye paja lako, inapita kwenye pedeli, inaingia kwenye masta. Chukulia fimbo ya pedeli inaisukuma pistoni ya masta kwa nguvu ya kilo 100. Masta ya 19.05 ina eneo la sentimita 2.85 za mraba, kwa hiyo unapata presha ya kama kilo 35 kwa kila sentimita ya mraba. Ya 20.64 ina eneo la 3.35, na presha inashuka hadi kilo 30 hivi. Ikifika kwenye pistoni ya milimita 40, ya kwanza inabana pedi kwa karibu kilo 440 na ya pili kwa karibu 375. Mguu ni uleule, pedi ni zilezile, lakini umepoteza kama asilimia 15 ya breki kwa sababu ya kununua masta kubwa.

Unachopata badala yake ni mafuta mengi zaidi, kama asilimia 17, kwa kila milimita pedeli inayosafiri. Pedeli inakuwa fupi na ngumu, na watu wengi wakiikanyaga gari likiwa limesimama gereji wanafurahi: “Hii imekaza!” Kukaza kwa pedeli na kusimama kwa gari ni mambo mawili tofauti. Rafiki yangu wa Arusha amefunga 20.64 kwenye Beetle yake, kalipa kama zangu, drumu nyuma kama zangu. Nimeiendesha. Inasimama, sikatai, ila kwenye mteremko unaikanyaga kama unasukuma ukuta, na mke wake ameshasema haiendeshi tena. Yangu inaingia ndani kidogo zaidi kabla ya kushika, halafu inashika kwa ulaini na unaweza kuipimia kwa kidole gumba cha mguu. Akiweka diski na nyuma, hapo 20.64 yake itakuwa na kazi, kwa sababu kalipa za nyuma zitameza mafuta zaidi na ya 19 ingeweza kuishiwa safari ya pedeli.

Jambo la pili la kuuliza kabla hujatoa hela ni kivali kinachobakiza presha. Masta nyingi za drumu zina vivali vidogo kwenye matundu ya kutokea, vinavyobakiza presha kidogo kwenye paipu ukishaachia pedeli, ili mipira ya wili silinda (silinda ndogo za gurudumuni zinazosukuma viatu) ikae imebana na isivute hewa. Kwenye drumu haina madhara kwa sababu springi za viatu zina nguvu kuishinda. Kalipa haina springi. Pistoni inarudishwa na sili yake tu, yaani mpira unaozuia mafuta yasivuje, tena kwa kiasi kidogo sana. Ukiiachia presha ya drumu, pedi zinasugua diski safari nzima, rimu inachemka na mafuta ya petroli yanaisha bila maelezo. Mimi niliagiza ile iliyotajwa kuwa ni ya diski mbele na drumu nyuma. Baada ya kuifunga tuliinua mbele kwa jeki, tukakanyaga na kuachia, tukazungusha gurudumu kwa mkono. Lilizunguka huru. Mwambie fundi wako afanye hivyo mbele yako.

Kufunga kwenyewe si kazi kubwa, ni boliti mbili, ila masta ya Beetle imejificha chini kwa mbele ya pedeli na fundi atalala chini akilalamika. Fimbo ya pedeli iachiwe nafasi ya kama milimita moja kabla haijagusa pistoni. Ikiwa inaigusa muda wote, tundu la kurudishia mafuta kwenye kopo la mafuta ya breki linaziba, mafuta yakipata moto yanakosa pa kwenda, na breki zinajishika zenyewe barabarani. Kwa gari la usukani wa kulia kama letu, upepo uliobaki kwenye paipu za breki unatolewa kuanzia gurudumu la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, na kumalizia mbele kulia, lililo karibu na masta.

Nimeipa nyota nne. Ya tano imepotea kwenye vitu vidogo: mipira inayopokea mafuta kutoka kwenye kopo ilikuja migumu, nikabadilisha, na swichi za taa za breki, ambazo kwenye Beetle hufungwa kwenye masta yenyewe, hazikuwemo kwenye boksi. Usirudishe swichi za zamani. Zikivuja hutajua mpaka kopo likauke. Paipu zilizokuja na seti ya diski zilikatwa kwa gari la usukani wa kushoto, hivyo fundi alinikunjia nyingine hapahapa mjini.

Mafuta ya breki natumia ya daraja la DOT 4. Yakiwa mapya yanatakiwa kustahimili angalau nyuzi 230 za Selsiasi kabla ya kuchemka, wakati DOT 3 ni 205, lakini aina zote mbili hunywa unyevu wa hewani, na DOT 4 iliyokwisha kulewa maji hushuka hadi kwenye 155. Kwa hewa ya pwani yetu, mafuta ya miaka mitatu kwenye kopo ni hatari kuliko masta ya kipenyo chochote. Na kama muuzaji anakupa DOT 5 ya silikoni kwa sababu namba ni kubwa zaidi, mrudishie. Haichanganyiki na hizi.