Seti ya koni na kampira: uzoefu wangu nikiwa Mtwara

Wadau wa mazingaombwe, wengi mmeniuliza kuhusu ile seti ya koni ya ngozi na vimpira niliyoagiza mtandaoni, sasa nimeshaizungusha vya kutosha kwenye maharusi na besdei za watoto, hapa mjini mpaka Mikindani, kwa hiyo naweza kuisemea. Kifupi: koni ni kali sana, vimpira kwa joto letu hili hapana, na mtiririko wa hatua ulioko kwenye video ya muuzaji ukiufuata kama ulivyo watu wa huku watakuumbua mchana kweupe.

Kwa asiyeujua huu mchezo, ni ndugu wa ule wa vikombe vitatu, ila wenyewe una koni moja tu. Unafunika kampira, kanapotea, kanatokea mfukoni, unakaweka tena mfukoni kanarudi chini ya koni, na mwisho unainua koni kunatokea kitu ambacho hakuna aliyekitegemea. Mambo ya vikombe ni ya kale mno, Seneca, mwanafalsafa wa Roma, aliyataja kwenye barua zake karibu miaka 2000 iliyopita, akasema raha yake iko kwenye kule kudanganywa, mtu ukishamwonyesha inavyofanyika hamu inamwisha. Namuunga mkono, kwa hiyo humu siri zote simwagi, msinifuate inboksi. Mtu aliyeufanya huu wa koni uheshimike ni Dai Vernon, mwanamazingaombwe Mkanada wa Ottawa aliyezaliwa 1894 na kufariki 1992, wenzake walimwita Profesa. Mkono wake hauna mbwembwe, unaweza kudhani anapanga tu vitu mezani.

Haya, seti. Ndani kulikuwa na koni, vimpira vya mbao vyekundu vya kama sentimita 4, na ganda, yaani nusu ya mpira iliyo tupu ndani inayovaa juu ya kampira kamili ili viwili vionekane kimoja. Bei ilikuwa laki na ushee mpaka kunifikia stendi, na hapo ndo nataka kila mtu ajue hela yake inakwenda wapi.

Inakwenda kwenye koni. Ngozi yake ni ngumu kiasi cha kusimama yenyewe bila kuinama, lakini ukiibana kidogo kwa kidole gumba na cha kati inakubali, kampira kananyanyuka nayo, ukiilegeza kanabaki mezani bila kishindo. Huo ubano ndo roho ya mchezo mzima. Koni ya manila ya kukunja nyumbani inafanya hivyo mwanzoni tu, baada ya muda inapata mkunjo pale unapobana na kila mtu anaona vidole vinapofanyia kazi. Halafu hii ya ngozi watu wanaiamini. Kwenye harusi moja Mikindani mzee alinyoosha mkono akaichukua, akaichungulia, akaingiza vidole mpaka ndani, akainusa. Nikamwambia, "Babu, hamna kitu humo." Akanijibu, "Mjukuu wangu, kitu kipo, ila kimenishinda," ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kasoro yake ni moja, kipindi cha mvua ngozi inaota ukungu, usiifungie kwenye mfuko wa nailoni, ifute na kitambaa kikavu uiache ipate hewa.

Vimpira sasa. Vimepigwa rangi ya mafuta inayong'aa, kwenye picha vinavutia, ila kiganja kikishatoka jasho, na huku jasho halikuombi ruhusa, kampira kanateleza kama sabuni ya kipande. Kalinitoka mbele za watu kakaenda kugonga meza ya plastiki kwaa, mpaka mpiga kinanda akageuka. Muuzaji nilipomwandikia akanijibu nipake poda mikononi. Poda! Kwenye kanzu na koti, mbele ya kamera ya harusi, mikono myeupe kama mtu katoka kukanda maandazi? Ganda nalo ndo kichekesho, mbao ikishavuta unyevunyevu wa pwani inavimba, ganda linang'ang'ania juu ya kampira halitoki, unabaki unalipapasa huku unatabasamu. Siku za kiangazi linatoka vizuri, lakini mchezo gani huo wa kusubiri msimu.

Nikaanza kutafuta mbadala hapahapa mjini. Kwanza nikaenda kwa wachonga vinyago, nikachongewa kampira ka mpingo, kazuri mpaka unaona huruma kukaficha. Shida uzito, mpingo ni mti unaozama kwenye maji, kampira ka saizi hiyo kanakaribia gramu 40, mfuko wa koti unaning'inia upande na koni inakanyanyua kwa shida. Mpira wa gofu ni mzito kuliko huo, unafika gramu 45 na zaidi, na vile vishimo vyake vinakwaruza ngozi ndani. Wa tebo tenisi una milimita 40, saizi yenyewe kabisa, lakini ni gramu 2.7, ukifanya shoo nje kule Shangani upepo wa bahari unakunyang'anya shoo.

Kilichonitoa ni kampira ka kufuma. Fundi anayekereza miguu ya vitanda alinitolea vimpira vya mbao ya mwembe, vidogo kidogo kuliko vya seti, akavipiga msasa bila rangi, halafu mama mdogo wangu, yule wa vitambaa vya makochi, akavifunika kwa kufuma na uzi wa sufu. Jamani! Havitelezi hata kiganja kikilowa, havigongi meza, havibiringiki hovyo, na ukitaka vimpira vinne vinavyofanana unampa tu uzi uleule. Chagua uzi wa njano au mweupe, mwekundu wa damu ya mzee jioni kwenye taa za ukumbi haupendezi. Kagua tu kwamba kampira kanaingia kwenye koni na kutoka bila kusukumwa, kwa sababu sufu inaongeza unene kuliko unavyodhani.

Kuhusu mtiririko. Ule wa kwenye video umepangwa kwa watu waliokaa mbele yako kistaarabu, una hatua nyingi na nusu yake inategemea ganda. Huku unazungukwa. Watoto wanakaa mpaka nyuma ya mgongo wako na mmoja lazima apige kelele "kashika mkononi!" Kwa hiyo mimi nasimama nimeupa ukuta mgongo, ganda nimelitupilia mbali, na nimebakiza hatua tatu: kupotea, kwenda mfukoni na kurudi, kisha mwisho. Juu ya meza natandika kipande cha blanketi na kanga juu yake. Vazi la kanzu na koti ni zawadi kwa mtu wa koni, mifuko ya koti iko palepale mkono unapoishia, hakuna anayejiuliza kwa nini umeupeleka huko.

Mwisho wa Wazungu wengi ni limau au mpira mkubwa. Mimi natumia ndimu kubwa, inakaa vizuri mdomoni mwa koni na namkabidhi bibi harusi aikamue kwenye pilau. Msimu wa korosho nilimalizia na bibo bichi lenye korosho yake inaning'inia, hapo makofi yanapasua paa, watu wa kusini wakiona bibo linatoka sehemu ambayo sekunde mbili zilizopita ilikuwa tupu wanakosa adabu kabisa. Ila maji ya bibo yakishagusa kanzu hayatoki, na yakiingia kwenye ngozi ya koni umeumia, kwa hiyo liwe gumu, halijaiva sana, na ulifute kabla.

Kama una hela ya kutosha chukua seti ile kwa ajili ya koni. Kama huna, nenda kwa fundi viatu na mfano wa karatasi, mwambie ngozi isiwe laini ya pochi wala ngumu ya soli, mshono uwe mmoja tu upande wa nyuma, na ncha aifunge vizuri. Vimpira vya dukani msivigombanie, vyangu vyekundu viko kwenye droo pamoja na ganda lake, anayevitaka aje abebe bure.