Kopo la pesti ya tekscha nimelikwangua mpaka chini, haya ndo niliyoyaona

Miezi minne iliyopita nilinunua kopo la mililita 500 la ile pesti nyeupe nzito ya kujengea tekscha, yaani matuta na mikwaruzo unayoweza kuigusa, kwenye picha za rangi ya akriliki, na juzi nimekwangua mpaka chini, kwa hiyo naandika nikiwa nimeitumia kweli, sio mtu aliyefungua kopo jana. Jina la kampuni naliacha maana nimegusa za kampuni tofauti na kilichomo ndani kwa sehemu kubwa ni kilekile, gundi ya akriliki iliyochanganywa na unga wa marumaru. Huo unga ndo unaoipa uzito na weupe, na ndo unaofanya ikishakauka uweze kuipiga msasa au kuichonga kwa kisu kama jiwe laini.

Nilikuwa nimechoka na picha bapa. Rangi ziko sawa, mchoro uko sawa, ila ukipitisha kidole juu yake hukuti kitu, ni kama karatasi.

Kwenye kisu cha kupakia inashika vizuri sana, kama puti ya fundi ukuta. Chota kidogo, vuta kisu juu haraka, uone ile ncha inayobaki: ikisimama hivyohivyo baada ya dakika kadhaa pesti iko poa, ikianza kujilaza yenyewe basi matuta yako yote yatalala kabla hayajakauka. Hii ilisimama.

Kazi iliyonifurahisha kuliko zote ni shina la mti mzee, nilisambaza pesti unene wa kama milimita 2 hivi, nikachukua kitana cha kawaida nikakiburuta toka juu mpaka chini huku nautikisa mkono kidogo ili mistari isinyooke, kwenye vifundo nikazungusha nyuma ya mpini wa brashi, halafu nikasubiri kama dakika kumi juu ianze kufanya ngozi nikakandamiza kipande cha gunia, pale gunia lilipogusa pakatoka zile alama za gome lililochakaa, yaani hata ningekaa na brashi wiki nzima nisingezipata. Ikalala usiku kucha.

Sasa hapa sikiliza vizuri maana ndo wengi wanapoharibu. Pesti hii ikikauka inanyonya. Ukimwagia rangi ya kahawia iliyolegezwa na maji moja kwa moja inanywewa palepale na huifuti tena, nilijaribu pembeni nikabaki na doa. Paka kwanza tabaka moja la midiamu ya akriliki ya kung'aa, ni kama rangi ya akriliki isiyotiwa rangi, iache ikauke, ndo umwage hiyo rangi nyepesi, itakimbilia kwenye mifereji, halafu futa juu kwa kitambaa chenye unyevu. Mifereji inabaki na giza, migongo inabaki mitupu. Baada ya hapo brashi kavu yenye rangi kidogo ya kijivu cheupe, ipitishe juujuu bila kukandamiza iguse migongo tu. Mti ulitoka pale nikiuangalia, sikuamini mkono ni wangu. Na ukiitundika weka taa ubavuni, sio mbele, ukiimulika mbele vivuli vyote vinakufa na ile kazi yote haionekani.

Nyufa. Hapa sitaificha kwa sababu ndo malalamiko ninayoyaona kila mahali. Kwenye picha ya bahari nilitaka wimbi lisimame, nikabandika kama sentimita moja nzima kwa mkupuo, nikaipuliza na draya ya nywele. Asubuhi nyufa tatu, moja unaweza kuchomeka sarafu. Kinachotokea ni kwamba juu kunakaza mapema wakati chini bado kubichi, maji yanapoendelea kutoka huko chini pesti inasinyaa, ile ngozi ya juu haina pa kwenda inapasuka. Sasa hivi najenga kwa tabaka za milimita 2 au 3, kila moja inalala usiku ndo naongeza nyingine, na kama hewa ni kavu sana nafunika na plastiki kwa kulegeza ili ikauke polepole. Tangu hapo sijapata ufa hata mmoja. Pia kazi nene sana usiiweke kwenye kanvasi, kanvasi inanesa, weka kwenye plaiwudi au hadibodi.

Kingine, usitegemee kuichanganya na rangi ukapata rangi iliyokolea. Ni nyeupe kabisa hii, nyekundu inakuwa pinki, bluu inapauka. Paka rangi juu ikishakauka, au kama unataka rangi yenyewe ndo isimame nene chukua jeli nzito ya akriliki, ile ikiwa mbichi inaonekana kama maziwa ila ikikauka inakuwa angavu na rangi yako inarudi palepale.

Kuna watakaosema changanya tu gundi nyeupe na plasta nyumbani. Nimefanya hivyo muda mrefu na kwa mazoezi inafaa kabisa, ila inavunjika kirahisi, na gundi nyeupe za kawaida nyingi hata zikikauka zinalainika zikikutana na maji, sasa na sisi tunamwaga maji juu yake! Kwa picha unayotaka idumu mi siirudii.

Kasoro zake. Inaisha haraka, piga hesabu: mililita 500 kwa unene wa milimita 2 ni eneo la sentimita 50 kwa 50 basi. Ni nzito, kanvasi kubwa inaanza kulegea katikati. Halafu ukingo wa kopo unagandiana, vile vipande vikavu vikidondokea ndani vinakukwaruzia kila mstari unaovuta, kwa hiyo futa ukingo kila unapofunga, kila siku, bila kusahau. Ukipiga msasa vaa barakoa, ule ni unga wa mawe. Na kisu kifute na karatasi kabla hujakiosha, usiimwage kwenye sinki itaganda kwenye bomba.

Naipa nyota 4 kati ya 5, hiyo moja nimeikata kwa ajili ya uzito. Nishaagiza nyingine, safari hii lile toleo jepesi lenye vile vipunje vidogo vyenye hewa ndani badala ya marumaru, maana nna kanvasi ya mita nzima inasubiri na nataka niifunike yote mpaka kwenye kingo.